Injini Inapopiga Mluzi: Sikio Litangulie Spana

Mwenye gari anaposikia mluzi chini ya boneti, hofu humfanya akubali ushauri wa kwanza anaopewa gereji: badilisha mkanda, badilisha alternata, badilisha tabo. Wapo wanaolipia spea mbili tatu na mluzi ukabaki palepale, kwa sababu spana ilitangulia sikio. Mluzi wa injini hutafutwa kwa kusikiliza, na vipimo vyake vingi havigharimu hata shilingi.

Karibu kila mluzi una moja ya asili mbili: hewa inayopita kwenye upenyo mwembamba, au kitu kinachozunguka huku kikisuguana. Kwa hiyo jiulize kwanza unasikika lini. Ukisikika injini ikizunguka polepole, kisha ukafifia unapokanyaga mafuta, shuku hewa inayovutwa ndani. Ukizidi unapopanda mlima na gari lenye tabo, shuku hewa inayovuja kutoka kwenye tabo. Ukilia asubuhi mara tu unapowasha gari, au unapofungulia kiyoyozi, shuku mkanda.

Hewa inayovutwa ndiyo inayowapoteza wengi. Injini ya petroli ikizunguka polepole, kilango cha hewa huwa karibu kimefungwa na pistoni huvuta kwa nguvu nyuma yake. Pwani, kama Dar es Salaam au Mombasa, injini isiyo na kasoro huonyesha mvuto wa inchi 18 hadi 22 za zebaki kwenye geji. Nairobi, iliyo karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kipimo hicho hupungua kwa takriban inchi 5 bila injini kuwa na ubaya wowote. Mpira uliopasuka au gasketi ya manifoldi iliyokauka huruhusu hewa ipenye kwa mvuto huo, na hapo ndipo mluzi unapotoka.

Katika magari yenye sensa ya kupima hewa inayoingia, hewa hiyo ya pembeni haijahesabiwa. Petroli huungua vizuri kwa takriban kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo 1 ya mafuta. Hesabu ikivurugika, injini hutetemeka, na taa ya injini inaweza kuwaka kwa msimbo P0171. Msimbo huo unasema mafuta ni machache kulingana na hewa. Hausemi kwamba sensa ya oksijeni imekufa, ingawa wapo wanaokimbilia kuibadilisha.

Chukua kipande cha mpira wa maji chenye urefu wa kama mita moja. Weka ncha moja sikioni, na nyingine uipitishe taratibu kando ya kila mpira na kila ungio la manifoldi, mbali na feni na mikanda. Ikifika mahali penyewe, mluzi hukuingia sikioni kwa ukali usioacha shaka. Kisha, injini ikiendelea kuzunguka, chomoa kijiti cha kupimia oili. Mluzi ukikatika papo hapo, kagua kwanza vali ya PCV na utando wake wa mpira, sehemu inayoipa injini nafasi ya kupumua. Usimruhusu mtu kupulizia petroli kwenye injini ya moto ili kutafuta uvujaji. Magari yameungua hivyo.

Kwa mkanda, nyunyizia maji kidogo upande wenye mifereji huku mikono na nguo zikiwa mbali. Sauti ikinyamaza kisha ikarudi, puli hazijakaa kwenye mstari mmoja. Ikizidi, mkanda umelegea au tensheni imechoka. Maji yasipobadilisha kitu, zima injini, vua mkanda, uzungushe kila puli kwa mkono: yenye beringi mbovu hukwaruza au hucheza. Kupaka mkanda sabuni au grisi huficha sauti kwa muda tu, na mkanda ukikatika njiani, alternata hukoma kuchaji, na katika injini nyingi pampu ya maji husimama pia.

Shafti ya tabo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, kwa hiyo mluzi hafifu ni sauti yake ya kawaida. Mluzi mpya wenye nguvu, gari likiwa limepoteza nguvu na dizeli ikitoa moshi mweusi, hukupeleka kwenye mipira inayopitisha hewa kutoka kwenye tabo kwenda kwenye injini. Tafuta ungio lenye doa bichi la oili. Mara nyingine kukaza klipu kunamaliza kazi. Moshi wa samawati na shafti inayocheza ndivyo vinavyoitia hatiani tabo yenyewe.

Magari mengi tunayoendesha yamefika kwetu yakiwa na umri mkubwa. Kenya, kwa mfano, huruhusu yaliyotumika hadi miaka 8. Joto la miaka yote hiyo hukausha mipira na plastiki, na ndiyo maana spea ndogo hustahili kukaguliwa kabla ya zile kubwa. Ndugu msomaji, kabla hujatoa fedha ya spea yoyote, mwambie fundi akuonyeshe mahali mluzi unapotokea, nawe uusikie kwa sikio lako. Asipoweza kukuonyesha, usinunue.