Imani na kopo la maharagi

Asiye wa kanisa wala msikiti anaweza kumcha Mungu? Wako watu wanaoitwa wadeisti: wanamwamini Muumba kwa kutazama uumbaji na kutumia akili, bila kitabu kitakatifu. Thomas Paine aliandika kitabu kutetea mawazo hayo mwaka 1794. Kwake yeye, dini ni haki na huruma kwa wengine.

Mimi ni mtu wa kanisa, lakini hapo anatugusa. Muuza maharagi ambaye kopo lake halikubonyezwa chini haulizi mteja anasali wapi. Na vita vinapofukuza watu Masisi au Walikale, mara nyingi wenyeji ndio wanaowapokea kwanza, kabla ya mashirika: chumba kimoja, sufuria moja, watoto wamelala kichwa na miguu.

Rebeka Masika Katsuva alibakwa yeye na binti zake. Kule Minova, jirani na Masisi, akafungua nyumba yake kwa waliobakwa, wakalima shamba pamoja, mpaka alipofariki Februari 2016.

Wiki hii kwenye likelemba, zungumzeni: mwenye mtoto mgonjwa apewe zamu mbele, hata kama hasali kwenu?