Video Ikikwama Unapohariri: Cha Kununua na Cha Kuacha

Anayehariri video za harusi, mahubiri au mapishi kwa kompyuta ya mtumba huzijua kero mbili. Akibonyeza kitufe cha kucheza, sauti inakwenda lakini picha inakwama, inaruka, inakwama tena. Halafu kazi ikiisha hajui atoe faili la ukubwa gani, basi anachagua namba kubwa kuliko zote na bando linaungua usiku kucha. Wauzaji wana dawa ya kila kero, na dawa zenyewe ni za pesa. Nyingi huhitaji kuzinunua.

Tuanze na diski ya SSD, maana ndiyo ya kwanza kutajwa dukani. Piga hesabu. Simu inayorekodi 4K kwa megabiti 50 kwa sekunde inazalisha megabaiti 6 na kidogo kila sekunde. Diski ya zamani, ile inayozunguka, husoma megabaiti 100 kwa sekunde bila kutoka jasho. Foleni haipo hapo. Ukitaka uhakika, cheza video kwenye programu yako, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kisha tazama nani anahema: mara nyingi utakuta prosesa iko asilimia 100 na diski imetulia. SSD nunua kwa sababu Windows itawaka haraka na programu zitafunguka upesi, faida ambayo si haba. Usiinunue ukitarajia picha iache kuruka.

Kinachoihemesha prosesa ni jinsi video ilivyobanwa. Simu nyingi za sasa hurekodi kwa kodeki ya H.265, iliyotoka mwaka 2013 na inayoweza kupunguza ukubwa wa faili hadi karibu nusu ya ile ya H.264 ya mwaka 2003, kwa picha ya ubora uleule. Ubanaji huo una gharama yake. Fremu chache tu huhifadhiwa nzima. Zilizobaki huhifadhi mabadiliko peke yake. Ukirudisha video nyuma sekunde mbili, kompyuta inabidi itafute fremu nzima iliyo karibu, ianzie hapo kuijenga picha upya. Mtazamaji wa kawaida hatambui kitu kwa sababu anakwenda mbele tu. Mhariri anarudi nyuma kutwa nzima.

Hapo ndipo pa kuangalia unaponunua mashine. Intel walianza kuweka ndani ya prosesa kifaa cha kufungua H.265 ya biti 8 kwenye kizazi cha 6, mwaka 2015. Ya biti 10 ikafuata kizazi cha 7. Sasa chukua kompyuta mbili zinazojaa kwenye maduka ya mtumba: HP EliteBook 840 G3 na 840 G5. Ya kwanza ni ya kizazi cha 6, yenye kori mbili. Ya pili kwa kawaida ni ya kizazi cha 8, yenye kori nne. ThinkPad T470 na T480 nazo zinapishana vivyo hivyo kwa idadi ya kori. Tofauti ya bei kati yao naiona ni pesa halali kabisa. Ila usinunue kwa kibandiko: i7-6600U ina kori mbili, i5-8350U ina nne, kwa hiyo "i7" ya muuzaji inaweza kuwa mzigo kuliko i5 ya jirani yake. Na zipo G5 na T480 zilizotoka na prosesa ya kizazi cha 7, basi washa mashine usome namba mwenyewe kabla ya kulipa.

Kama mashine unayo na pesa huna, dawa ipo bure, inaitwa proksi: nakala nyepesi za video zako ambazo programu hutumia wakati wa kukata na kupanga, kisha siku ya kutoa kazi inarudi kwenye video halisi. DaVinci Resolve, Premiere Pro, Kdenlive na Shotcut zote hufanya hivyo. Gharama ni muda na nafasi. Saa moja ya proksi za ProRes Proxy kwa 1080p hula gigabaiti 20 hivi. Shusha hadi 720p zitapungua zaidi ya nusu. Ziache zitengenezwe wakati umelala. Kama hata hilo ni zito, punguza ubora wa picha ya kuhariria hadi nusu au robo. Faili la mwisho halitaguswa.

Baada ya hapo, kama una ramu ya GB 8, ongeza ya pili ya GB 8. Grafiki za ndani ya prosesa hukopa ramu hiyohiyo, na vipande viwili huzipa njia pana kuliko kimoja.

Kwenye programu, Premiere Pro imekuwa takriban dola 23 kwa mwezi. DaVinci Resolve Studio ni dola 295, unalipa mara moja. Ukifika mwezi wa 13 wa Premiere umeshaipita bei hiyo. Lakini toleo la bure la Resolve linatoa 4K hadi fremu 60 kwa sekunde, na wateja wengi wa harusi hawajawahi kuomba zaidi ya hapo.

Sasa kutoa faili. Ukubwa hautokani na jina 4K wala 1080p, unatokana na bitireti, yaani megabiti zinazotumika kila sekunde. Zidisha megabiti kwa sekunde za video, gawa kwa 8, umepata megabaiti. YouTube wanapendekeza megabiti 8 kwa 1080p ya fremu 30: dakika kumi ni megabaiti 600. Kwa 4K wanapendekeza 35 hadi 45, na dakika hizohizo kumi kwa 40 ni gigabaiti 3. Kwa mtazamaji wa simu yenye kioo cha inchi sita, sioni sababu ya kulipa bando mara tano. Wapo wanaopandisha kazi ya 1080p hadi 1440p ili YouTube waibane kwa kodeki nzuri zaidi. Hila hiyo inasaidia, lakini kwa megabiti 16 wanazopendekeza unatuma gigabaiti 1.2.

WhatsApp hubana upya video yoyote utakayoituma kama video, hivyo bitireti kubwa huko ni hasara tupu. Itume kama hati, itafika kama ilivyo, mradi isizidi GB 2.

Mteja anayetaka flashi ya kuchomeka kwenye televisheni mpe H.264 ndani ya MP4, hata kama H.265 ingekuokolea nafasi. Televisheni za zamani haziisomi, na simu ya malalamiko itakuja kwako. Flashi nyingi huja na mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili linalozidi GB 4. Harusi ya saa mbili kwa megabiti 8 ni GB 7.2. Ikate sehemu mbili za saa moja moja, kila moja iwe GB 3.6 na sauti kidogo juu yake, ukate pale maharusi wanapoingia ukumbini.