Jihadhari na nishani bandia za kijeshi

Na Mwandishi Wetu, Bagamoyo

MTU anayetembea katika Mji Mkongwe wa Bagamoyo, kilometa zipatazo 70 kaskazini mwa Dar es Salaam, hawezi kukwepa historia. Boma la Wajerumani lipo, makaburi ya askari wao yapo, na wazee wenye masimulizi ya vita wapo pia. Katika mazingira kama hayo, anapotokea kijana na kufungua kitambaa chenye beji ya shaba iliyochakaa, akisema ilivaliwa na babu yake askari wa Mjerumani, ni rahisi mgeni kuingiza mkono mfukoni kabla ya kuuliza swali hata moja.

Huenda kijana huyo anasema kweli. Lakini nishani na beji za kijeshi ni miongoni mwa vitu vinavyoghushiwa sana duniani, kwa sababu ni vidogo, ni vya madini ya kawaida, na thamani yake yote imo katika habari inayosimuliwa juu yake. Anayeanza kukusanya vitu vya aina hii hana budi kujifunza kuitilia shaka habari hiyo, kisha kukiangalia kitu chenyewe.

Silaha ya kwanza ya mnunuzi ni tarehe, na kwa mtu wa pwani hii kuna chache za kukariri. Vita vya Abushiri bin Salim dhidi ya Wajerumani vilianza mwaka 1888, naye akanyongwa Pangani Desemba 1889. Kikosi alichokiunda Hermann von Wissmann mwaka 1889, kwa kuajiri askari kutoka Misri na Msumbiji, kilifanywa jeshi rasmi la koloni mwaka 1891. Waingereza walishindwa Tanga Novemba 1914, wakaitwaa Bagamoyo Agosti 1916 na Dar es Salaam Septemba mwaka huo huo. Vita vilikoma katika eneo hili la Afrika Novemba 1918.

Kwa upande wa Waingereza, jeshi la King's African Rifles, ambalo wazee wetu waliliita KAR au Keya, liliundwa mwaka 1902. Kikosi chake cha sita, kilichokuwa cha Tanganyika, kiligeuka Tanganyika Rifles baada ya uhuru wa mwaka 1961. Baada ya maasi ya Januari 1964 kikosi hicho kilivunjwa, na Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) likaanzishwa Septemba 1, 1964.

Ratiba hiyo fupi inatosha kuangusha uongo mwingi. Ukiambiwa kwamba beji ya KAR ilivaliwa katika vita vya Abushiri, basi mazungumzo yamekwisha, kwa kuwa jeshi hilo lilikuwa halijazaliwa.

Mfano mzuri zaidi ni beji yenye picha ya tembo na mnazi, ambayo Wajerumani waliitoa kwa watu waliotumikia makoloni yao. Wauzaji hupenda kudai kwamba ilitoka kifuani mwa askari aliyeuawa vitani mwaka 1916. Haiwezekani. Beji hiyo ilianzishwa Ujerumani mwaka 1922, makoloni yakiwa yamekwisha kupotea. Aidha, nakala zake za kisasa zimezagaa. Kinyume chake, nishani ya Kijerumani ya vita vya makoloni ilianzishwa mwaka 1912, na kipande cha chuma kinachobanwa juu ya utepe wake kwa ajili ya Maji Maji kina maandishi DEUTSCH-OSTAFRIKA 1905/07.

Silaha ya pili ni taji. Beji nyingi za Kiingereza zina taji juu yake, na umbo la taji hilo hutaja zama. Wakati wa wafalme, kuanzia mwaka 1901 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950, taji lilichorwa likiwa na mgongo wa mviringo kama kuba. Malkia Elizabeth wa Pili alipotawala, lilichorwa likiwa limebonyea katikati, kama paa lililolegea. Kwa hiyo beji yenye taji lililobonyea haiwezi kuwa ya Vita vya Kwanza wala vya Pili, hata kama imechakaa namna gani.

Baada ya hapo, shika kitu chenyewe mkononi. Beba sumaku ndogo na kioo cha kukuzia. Fedha na shaba za aina zote hazinaswi na sumaku. Nishani inayosemwa kuwa ya fedha ikirukia sumaku, ujue ni chuma kilichopakwa rangi.

Tazama pia jinsi kitu kilivyotengenezwa. Beji nyingi za kofia za asili ziligongwa kwa mashine kutoka katika bamba la shaba. Mistari yake ni mikali, na ukiigeuza utaona mgongoni umbo lile lile limebonyea ndani. Nakala za uchochoroni kwa kawaida hutengenezwa kwa kumimina madini yaliyoyeyushwa katika kalibu. Hizo huwa nene, herufi zake zimelainika kama sabuni iliyotumika, usoni zina vitundu vidogo vya hewa, na pembeni huonekana mshono ambapo nusu mbili za kalibu zilikutana. Tena, madini hunywea yanapopoa, hivyo nakala iliyomiminwa huwa ndogo kidogo kuliko ya asili. Ukijua vipimo vya asili, rula inaweza kukuokoa. Nishani ya Kiingereza ya fedha ya Vita vya Kwanza, kwa mfano, ina upana wa milimita 36.

Uchakavu nao una lugha yake. Kitu kilichovaliwa na kusuguliwa miaka mingi hulika sehemu zilizoinuka, kama pua ya mfalme au ncha za taji, na mabonde yake hubaki na weusi. Kilichozeeshwa kwa tindikali au kwa kufukiwa mchangani huchakaa kila mahali kwa kiwango kimoja. Hewa ya chumvi ya pwani yetu huleta kutu ya kijani kwenye shaba upesi, kwa hiyo ukijani peke yake si hati ya umri. Pindua na utazame pini na vishikizo: lehemu inayong'aa mgongoni mwa beji "ya miaka mia" ni jambo la kuulizia.

Jambo la nne ni maandishi. Nishani za Uingereza za Vita vya Kwanza zilichongwa namba, cheo, jina na kikosi cha aliyepewa, pembeni kwenye ukingo wa duara. Ukingo ukiwa umepigwa tupa, kuna mtu aliyefuta jina, na upana wa nishani utakuwa umepungua. Hata hivyo usitumie kanuni hii kwa pupa. Nyota na nishani nyingi ambazo Uingereza ilizitoa kwa Vita vya Pili hazikuandikwa majina, zikiwemo zile walizopewa askari wetu waliorudi kutoka Burma. Nyota ya Afrika isiyo na jina si lazima iwe bandia.

Mnunuzi anapaswa pia kuijua sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hairuhusu mtu kufukua ardhi kutafuta mabaki ya kale bila leseni. Anayekwambia kwamba beji imetoka shimoni kwenye handaki la vita au kaburini anakualika katika kosa. Hatari zaidi ni alama na sare za jeshi la leo. Agosti 2023, JWTZ liliwapa raia siku saba kusalimisha sare zake na mavazi yanayofanana nazo. Kwa hiyo alama ya sasa, iwe ya kweli au ya kughushi, si kitu cha kukusanya.

Iko hasara kubwa kuliko ya fedha. Kila bandia inayouzwa kwa hadithi ya uongo huifanya hadithi ya kweli isiaminike. Wakati huo huo, nishani halisi hutoka majumbani kwa bei ya mlo mmoja, kwa sababu mjukuu hakuambiwa kwamba jina lililochongwa pembeni ni la babu yake. Maelfu ya askari na wapagazi wa nchi hii hawana kumbukumbu nyingine yoyote yenye majina yao.

Kwa hiyo ukikutana na nishani yenye jina, na ukaridhika kwamba ni ya kweli, liandike jina hilo na namba yake kabla ya kuuliza bei. Kisha muulize muuzaji kama ukoo wa mwenye jina bado upo. Ukiwepo, huenda mahali panapofaa kwa nishani hiyo si kabati lako.