Barua Pepe: Kutuma si Kufika



Siku hizi ukipita Masasi mjini, au ukapanda uwandani hadi Newala, ukamuuliza kijana habari za ombi lake la kazi, atakujibu upesi: "Nimeshatuma kwa barua pepe." Anayejibu hivyo huwa ametulia, kana kwamba shughuli imekwisha. Juma linapita, mwezi unapita, jibu halionekani. Hapo lawama zinaanza: wakubwa hawasomi barua, mtandao mbovu, nafasi kapewa mtoto wa fulani. Huenda ni kweli. Lakini huenda pia barua yenyewe haikufika, na taarifa ya kutofika imelala ndani ya simu ya huyo huyo mwombaji, imeandikwa kwa Kiingereza cha mashine, wala hakuna aliyeifungua.

Juma hili basi tuizungumze barua pepe: imetoka wapi, inasafiri vipi, na mtumiaji wa kawaida ajihadhari na nini. Jambo moja tulishike tangu mwanzo. Barua pepe si simu. Barua pepe ni posta. Hupokezanwa mkono kwa mkono, hulala njiani ikibidi, kisha hungoja katika sanduku mpaka mwenyewe aje kuifungua. Mwenye kulijua hilo atajua wakati wa kusubiri, wakati wa kushtuka na wakati wa kutilia shaka.

Kupokezana si jambo geni upande huu wa nchi. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA alifika Masasi kutoka Unguja pamoja na watu waliokombolewa utumwani. Barua ya kutoka Masasi siku hizo ilibebwa kwa miguu hadi Lindi, mwendo wa siku kadhaa. Lindi ilingoja chombo cha kwenda Unguja, na Unguja ikangoja meli ya Ulaya. Hakuna mbebaji mmoja aliyekwenda njia nzima. Kila kituo kilikuwa na kazi tatu: kupokea, kuhifadhi na kupeleka mbele. Kazi hizo tatu ndizo zinazofanywa na barua pepe mpaka leo.

Barua pepe yenyewe ilianzia ndani ya mashine moja. Mwaka 1965, katika chuo cha MIT huko Marekani, watu wengi walikuwa wakitumia kompyuta moja kubwa kwa pamoja. Tom Van Vleck na Noel Morris waliandika programu ya kumwachia mwenzako ujumbe humo humo ndani. Ilikuwa sawa na kuweka karatasi katika kijisanduku cha mwenzio pale masjala: karatasi haitoki nje ya jengo.

Mwaka 1971 mhandisi Ray Tomlinson, wa kampuni ya BBN mjini Cambridge, Massachusetts, aliutoa ujumbe katika kompyuta moja akaufikisha katika nyingine. Mashine hizo zilikuwa katika jengo lile lile, lakini njia iliyoziunganisha ilikuwa ARPANET, mtandao wa utafiti uliogharimiwa na Wizara ya Ulinzi ya Marekani. Ili kutenganisha jina la mtu na jina la mashine, Tomlinson alichagua alama ya @, kwa sababu haikuwa ikitumika katika majina ya watu. Mwenyewe alifariki mwaka 2016, na alama aliyoichagua imo katika kila anwani ya barua pepe duniani. Kushoto kwa alama hiyo ni jina la sanduku. Kulia ni jina la posta lilimo sanduku hilo.

Sasa tuifuate barua moja. Ukibonyeza "tuma" ukiwa kata ya Makote, Newala, simu yako haimtafuti unayemwandikia. Inaikabidhi barua kwa seva, yaani kompyuta isiyozimwa ya kampuni inayokupa anwani. Seva hiyo ndiyo posta yako. Nayo husoma upande wa kulia wa anwani, kisha huuliza katika orodha kubwa ya majina ya intaneti, ambayo utaratibu wake ulibuniwa na Paul Mockapetris mwaka 1983: je, posta ya jina hili iko wapi? Ikishaonyeshwa, inakwenda kupiga hodi.

Hodi hiyo ina adabu yake, na adabu hiyo iliandikwa na Jon Postel mwaka 1982. Seva inayokuja hujitambulisha. Kisha hutaja barua imetoka kwa nani, halafu inakwenda kwa nani. Kila hatua mwenyeji hujibu kwa namba. 250 maana yake ni "sawa". Ndipo barua inaposomwa mstari kwa mstari, na mwisho wake huonyeshwa kwa mstari wenye nukta moja tu. Mwenyeji akisema "sawa" mara ya mwisho, dhamana ya barua imehamia kwake. Anaiweka sandukuni, na hapo itakaa hata kama mwenye sanduku amelala, simu yake imezimika, au umeme umekatika mtaa mzima.

Utaratibu huo wa kungoja ndio uliofanya barua pepe ifike Afrika Mashariki kabla ya intaneti yenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 hapakuwa na waya wa kuziunganisha ofisi zetu na dunia saa zote. Simu ya nje ya nchi ilikuwa ghali, na kwa Tanzania posta na simu zilikuwa bado chini ya shirika moja, lililokuja kugawanywa mwaka 1994. Lakini barua isiyohitaji kujibiwa papo hapo haihitaji waya ulio wazi siku nzima. Inahitaji dakika chache tu, hata kama ni usiku wa manane.

Mwaka 1984 Mmarekani Tom Jennings alikuwa ameanzisha mtandao ulioitwa FidoNet. Kompyuta ndogo za mezani zilikusanya barua mchana kutwa. Ikifika saa ya simu nafuu, moja inaipigia nyingine kwa modemu, zinabadilishana mafurushi, kisha zinakata. Tufanye hesabu. Modemu ya biti 2,400 kwa sekunde hupitisha kiasi cha herufi 240 kila sekunde. Ukurasa wa herufi 2,000 basi hupita kwa sekunde zisizofika 10. Kwa simu moja ya dakika tano ofisi ingeweza kumaliza barua zake zote za siku.

Mjini Nairobi, kituo cha mazingira cha ELCI kiliendesha kompyuta ya namna hiyo, na barua zake zilipitia GreenNet ya London ndipo zikaingia intaneti. Kwa njia ya jinsi hiyo hiyo mradi wa ESANET uliviunganisha vyuo vikuu vya Dar es Salaam, Nairobi, Makerere, Zambia na Zimbabwe. Madaktari nao walikuwa na mtandao wa HealthNet, ulioanzishwa na shirika la SatelLife la Boston, ambalo mwasisi wake alikuwa daktari wa moyo Bernard Lown. Huo ulitumia setilaiti ndogo inayozunguka dunia kwa urefu wa kilometa kama 800. Setilaiti yake ya pili ilirushwa mwaka 1993. Ilipopita juu ya Afrika ilipokea barua, ikazihifadhi, na ilipofika juu ya nchi nyingine ikazishusha. Ndugu zangu, huyo ni yule yule mbebaji wa Masasi kwenda Lindi, ila yeye alipita angani.

Tabia hiyo ya kungoja haijapitwa na wakati. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana. Waliokuwa wakizungumza kwa video walikatwa katikati ya neno. Barua pepe zilizokwisha kukabidhiwa kwa seva zilikaa foleni zikisubiri njia.

Baada ya kuelewa hayo, yapo mambo matatu ya kuzingatia.

La kwanza, "imetumwa" maana yake ni kwamba posta yako imeipokea barua. Si kwamba imefika, wala si kwamba imesomwa. Ikishindikana, utaletewa taarifa, nayo huwa na namba. Namba inayoanza na 4 maana yake ni "subiri kidogo": pengine sanduku limejaa, au posta ya pili haipatikani. Seva yako itaendelea kujaribu, kwa kawaida kwa siku nne au tano, kabla ya kukata tamaa. Namba inayoanza na 5 maana yake ni "haiwezekani". Mashuhuri ni 550, ambayo mara nyingi husema sanduku hilo halipo. Hapo usisubiri. Kagua anwani herufi kwa herufi, kwa sababu nukta moja iliyopotea inaweza kukupotezea kazi. Tena, tazama na lile fungu la barua taka, maana majibu halali nayo hutupwa humo kwa makosa. Kwa kijana aliyejisajili katika mfumo wa maombi ya kazi wa Sekretarieti ya Ajira, anwani ya barua pepe ndiyo mlango wake. Akiikosea au akisahau neno lake la siri, amejifungia nje mwenyewe.

La pili ni viambatisho. Kanuni za mwanzo ziliruhusu herufi za kawaida za Kiingereza tu. Picha na nyaraka zilipata utaratibu wake mwaka 1992, uliotungwa na Nathaniel Borenstein na Ned Freed. Ujanja wao ulikuwa kuigeuza picha iwe herufi, kila vipande vitatu vikitoa herufi nne. Ndiyo kusema mzigo huongezeka kwa theluthi moja: cheti chako kilichopigwa picha ya megabaiti 3 husafiri kikiwa 4. Anayenunua bando kwa shilingi alizozihangaikia ana haki ya kulijua hilo, na apunguze ukubwa wa picha kabla ya kutuma.

La tatu ndilo zito kuliko yote. Katika ile hodi ya seva, anayetaja jina la mtumaji ni mleta barua mwenyewe. Kanuni za mwaka 1982 hazikumdai kitambulisho, kwa kuwa waliokuwa mtandaoni wakati huo walikuwa wachache na wengi wao wakijuana. Hata hivyo dalili zilikwisha kuonekana. Tarehe 3 Mei 1978 Gary Thuerk, mwuza kompyuta, aliwapelekea watu wapatao 400 tangazo la biashara ambalo hawakuliomba. Leo matapeli wanapita mlango huo huo.

Fikiria msimu wa korosho. Chama cha wakulima kinasubiri malipo. Mnunuzi anapata barua yenye jina la mhasibu wa chama, ikisema kwa upole kwamba akaunti ya benki imebadilika, tafadhali lipa kwenye hii mpya. Jina ni lile lile, lugha ni ile ile, ila anwani imezidi herufi moja. Fedha ikishahama, jasho la mkulima aliyepalilia mwaka mzima limekwenda na maji.

Ni kweli mihuri imeongezwa. Mwenye jina la posta anaweza kutangaza ni seva zipi zinazoruhusiwa kutuma kwa niaba yake, na barua ikatiwa sahihi ya siri isiyoigika kirahisi. Februari 2024 Google na Yahoo zilianza kuwadai mihuri hiyo watumaji wakubwa, ambao kwa Google ni wanaoipelekea barua zaidi ya 5,000 kwa siku. Lakini muhuri huthibitisha anwani, hauthibitishi uaminifu. Tapeli akisajili jina linalofanana na la chama, atapata na muhuri wake halali.

Kwa hiyo usitazame jina lililoandikwa juu. Fungua uione anwani yote. Ofisi za Serikali yetu hutumia anwani zinazoishia na .go.tz. Na ukiambiwa akaunti ya malipo imebadilika, usijibu barua hiyo. Piga simu kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani, uisikie sauti ya mtu unayemfahamu.

Tukumbuke pia kwamba tangu mwaka 2015 Tanzania ina Sheria ya Miamala ya Kielektroniki, inayoiwezesha barua pepe kupokewa mahakamani kama ushahidi, na Sheria ya Makosa ya Mtandao. Ukiwa umetapeliwa usiifute barua ile kwa hasira. Ihifadhi, kwa sababu ndani yake imeandikwa kila posta iliyoipokea, pamoja na tarehe na saa.

Jioni ya leo, basi, kabla ya kulala, fungua sanduku lako. Tazama lile ombi la kazi ulilolituma mwezi uliopita. Kama kuna taarifa yenye namba inayoanza na 5, usimlaumu mtu bado. Sahihisha anwani, utume tena, kisha upige simu kuuliza kama imefika.

Tukutane tena juma lijalo.