Masomo ya mafrere na franga za mine

Kule Bobandana, mafrere Wamaristi wanajulikana kwa masomo yao. Shirika hilo lilianzishwa Ufaransa mwaka 1817 na padri Marcellin Champagnat, kwa ajili ya watoto wa vijijini waliokosa mwalimu. Siye wa syndicat ya wachimbaji tunawaona watoto wa namna ile leo, Rubaya na Bisie.

Mafrere walilipa bei kubwa. Tarehe 31 Oktoba 1996, wanne wao, Wahispania, waliuawa Bugobe, Kivu ya Kusini, kwa sababu walibakia karibu na wakimbizi.

Lakini masomo ya kanisa si mzigo wa kanisa peke yake. Kufuatana na mapatano ya 1977, kanisa linasimamia na Serikali inalipa walimu. Tangu 2019 primaire ni bure. Secondaire hapana: mzazi ndiye analipa. Hapo ndipo mtoto anaacha daftari na kuingia shimoni.

Na franga ziko. Code minier ya 2018 inasema 15% ya redevance ya mine iende kwa secteur ao chefferie yenye mine. Masisi vita imeharibu njia hiyo: Rubaya iliingia mikononi mwa M23 mwaka 2024. Lakini Walikale, secteur ya Wanianga, yenye Bisie, inaweza kuanza.

Tunaomba kitu kimoja: kila mwaka, hesabu ibandikwe kwenye mlango wa masomo. Zimeingia ngapi, zimejenga darasa ngapi, zimelipia watoto wangapi wa secondaire. Mchimbaji anajua kusoma namba.