Namba ya Bure au Namba ya Kawaida? (Sehemu ya 2)

Sehemu ya kwanza ilieleza jinsi kampuni ya AT&T ilivyoanzisha namba za 800 nchini Marekani mwaka 1967, anayepigiwa akibeba gharama badala ya mpigaji. Leo tuutazame mpango huo kutoka Bwera, wilayani Kasese, mpakani mwa Uganda na Kongo.

Nchini Uganda namba hizo huanza na 0800. Mamlaka ya Mapato inayo, 0800 117 000, na mwenye swali kuhusu ushuru huipiga hata kama hana salio. Juni 2019, Ebola ilipothibitishwa Kasese kwa mtoto wa miaka 5 aliyetoka Kongo, Wizara ya Afya iliwahimiza wananchi kutoa taarifa kupitia 0800 100 066. Hapo ubure una maana kubwa: mwanakijiji aliyemwona mgonjwa mwenye dalili hapaswi kwanza kutafuta vocha.

Biashara ni jambo jingine.

Soko la Mpondwe, jirani na Bwera, hufurika Jumanne na Ijumaa. Ng'ambo ya mto Lhubiriha ni Kasindi, mwendo mfupi kwa miguu, lakini kwa simu ni nchi nyingine: huku +256, kule +243. Mnunuzi wa Kasindi mwenye laini ya Kongo kwa kawaida haipati 0800 ya Uganda, kwa kuwa namba hiyo hufanya kazi ndani ya nchi iliyoitoa. Namba ya kawaida ya 07 ataipata, ila kwa bei ya simu ya kimataifa. Mpango wa kupunguza gharama hizo ulioanzishwa na Kenya, Rwanda na Uganda mwaka 2014 haukuihusisha Kongo, iliyojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022.

Ndiyo maana si ajabu kumkuta muuza samaki mkavu ana simu mbili, moja ya kila upande. Mteja asiye na salio humbipu: simu inalia mara moja, inakatwa, naye muuzaji anapiga. Gharama imemwangukia mwenye duka, kama kwenye 0800, bila mkataba wala ada ya kila mwezi.

Kwa duka la Bwera, basi, laini mbili zenye namba zilizoandikwa wazi mlangoni zinafaa kuliko 0800. Namba ya bure iachiwe hospitali, ushuru na benki zenye matawi nchi nzima.

Sehemu ya tatu itahusu WhatsApp na gharama ya bando mpakani.