Joto la Mwindaji Katika Milima ya Theluji

Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno matatu: theluji, sufu, wapiti. Wote someni pamoja, silabi kwa silabi: the-lu-ji, su-fu, wa-pi-ti. Vema.

Theluji wengine wenu mnaijua kwa macho, hasa ninyi mnaokaa Moshi na Rombo, maana mnaiona juu ya Kibo asubuhi mawingu yanapofunuka. Ni maji yaliyoganda huko juu angani, yakashuka polepole kama usufi unaopeperuka. Sufu ni manyoya ya kondoo yaliyosokotwa nyuzi. Na wapiti ni mnyama wa Marekani ya Kaskazini. Leo tutakwenda kumwinda, mimi na ninyi, katika Milima ya Rocky, mwezi wa Novemba.

Kwanza tumjue mnyama mwenyewe. Wapiti ni wa jamii ya kulungu wa nchi za baridi, lakini ni mkubwa sana. Dume hufika kilo 300 na kupita, sawa na fahali mzuri wa kienyeji. Jike hufika kilo 220 hivi. Jina hilo ni neno la Washawnee, wenyeji wa asili wa nchi ile, na maana yake ni matako meupe. Ukimwona akikimbilia msituni utajua mara moja kwa nini walimwita hivyo. Dume ana pembe kubwa zenye matawi, na pembe hizo si kama za ng'ombe au nyati. Kila mwaka, majira ya baridi yakikaribia kwisha au yakiisha, huanguka chini zenyewe, na nyingine mpya huota. Mwezi wa Septemba, wakati wa kupandana, dume hulia kwa sauti nyembamba kama filimbi. Ni ajabu kidogo, mnyama mkubwa hivyo kutoa sauti kama hiyo.

Wakati wa joto wapiti hukaa juu sana milimani. Theluji ikizidi, majani hufunikwa, naye hushuka mabondeni kutafuta chakula. Basi mwindaji huitazamia theluji kwa hamu. Theluji humshusha mnyama, tena huonyesha nyayo zake waziwazi kama maandishi juu ya karatasi. Lakini theluji hiyo hiyo humwua mwindaji asiyejua namna ya kukaa nayo, na hilo ndilo somo letu.

Neno moja juu ya sheria, kisha tuendelee. Hakuna ruhusa ya kuwinda ovyo. Wapiti waliwahi kupungua sana kwa kuwindwa bila kiasi, na mwaka 1912 serikali ya Marekani ilianzisha hifadhi yao maalum karibu na mji wa Jackson, katika jimbo la Wyoming, ili wapate mahali pa kukaa wakati wa baridi. Siku hizi wamekuwa wengi tena, na jimbo la Colorado ndilo lenye wengi kuliko yote. Mwindaji hununua leseni, huwinda kwa majira yaliyowekwa, na huko Colorado mwenye bunduki hulazimishwa kuvaa nguo na kofia ya rangi ya machungwa inayong'aa, au ya waridi inayong'aa, ili wenzake wasimpige risasi. Wapiti haoni rangi hiyo kama sisi tunavyoiona. Na mtu akiua mnyama akaiacha nyama ioze, ametenda kosa mbele ya sheria.

Sasa sikilizeni vizuri. Mwindaji wa milima ile ana kazi mbili za joto. Kazi ya kwanza ni kulilinda joto la mwili wake mwenyewe. Kazi ya pili huja akiisha kumwua mnyama, nayo ni kuliondoa joto la mnyama yule upesi iwezekanavyo.

Tuanze na kazi ya kwanza. Mwili wa mtu mzima una joto la digrii 37. Huko milimani usiku wa Novemba huweza kushuka mpaka digrii 15 chini ya sifuri, na pengine zaidi. Lakini wengi wanaopatwa na hatari hawapatwi kwa sababu ya baridi peke yake. Hupatwa kwa sababu wamelowa.

Fikirini mtungi wa maji nyumbani. Mtungi wa udongo hutoka jasho kwa nje, na jasho lile likikauka huchukua joto la maji yaliyomo ndani. Kwa hiyo maji ya mtungini ni baridi hata saa saba mchana. Mwili wako hufanya vivyo hivyo. Huku kwetu jasho ni rafiki, linatupoza. Kule milimani, jasho ni adui anayekufuata mgongoni.

Tuseme wewe ndiye mwindaji. Umeamka saa kumi ya usiku, baridi inauma, ukavaa nguo zote ulizo nazo. Ukaanza kupanda mlima kwa haraka ili ufike juu kabla ya mapambazuko. Baada ya nusu saa shati limelowa. Unafika, unaketi chini ya msonobari kumngoja mnyama, na upepo unaanza kuvuma. Sasa wewe umekuwa mtungi. Maji huondoa joto mwilini upesi kuliko hewa, mara 25 hivi. Tena upepo una nguvu yake: ikiwa hewa ina digrii 10 chini ya sifuri, na upepo unakwenda kilomita 40 kwa saa, ngozi iliyo wazi hupoa kana kwamba ni digrii 21 chini ya sifuri.

Mwindaji mwenye maarifa hufanya kinyume. Kabla ya kupanda, huvua koti na kulifunga mgongoni, akaanza safari akiona baridi kidogo. Hupanda polepole, hata kama wenzake wanamcheka. Akifika juu, hubadili shati la ndani, huvaa kavu, ndipo huvaa koti. Havai nguo za pamba karibu na ngozi, maana pamba hunywa maji na kukaa nayo. Huvaa sufu, kwa kuwa sufu hata ikilowa hubakiza joto kiasi. Na huvaa nguo kadhaa nyepesi, moja juu ya nyingine, badala ya moja nzito. Mmemwona kuku asubuhi ya baridi akijitutumua manyoya? Anashika hewa katikati ya manyoya yake, na hewa ile iliyotulia ndiyo blanketi lake. Nguo nyingi hufanya kazi hiyo hiyo.

Joto la mwili likishuka chini ya digrii 35, mtu yuko hatarini. Jifunzeni dalili zake, maana zinaweza kumpata mpagazi wa Kilimanjaro kama zinavyompata mwindaji wa Colorado. Kwanza hutetemeka bila kuweza kujizuia. Kisha vidole havifungi kifungo. Kisha hujikwaa, na maneno yake huvutika kama ya mlevi. Baadaye huacha kutetemeka. Wengi hudhani hapo amepata nafuu, kumbe ndipo hatari imekuwa kubwa. Mgonjwa wa namna hiyo mara nyingi husema, "Mimi mzima, niacheni nipumzike." Msimsikilize. Mwondoeni penye upepo, mvueni nguo zilizolowa, mvikeni kavu, mfunikeni pamoja na kichwa chake, na mlaze juu ya kitu kisichopitisha baridi ya ardhi. Mwenzake anaweza kulala naye ndani ya blanketi moja ampe joto. Akiwa na akili timamu na anaweza kumeza, mpeni chai yenye sukari nyingi. Msimsugue, wala msimtikise kwa nguvu, kwa sababu moyo uliopoa ni dhaifu. Na pombe msimpe hata tone. Pombe huleta damu moto kwenye ngozi, mtu akajiona ana joto, kumbe joto linamtoka.

Vidole na masikio huweza kuganda kabisa. Ngozi hugeuka nyeupe au ya kijivu na kufa ganzi. Wako watu wanaosugua mahali hapo kwa theluji. Ni desturi mbaya, huichana ngozi. Wala usiviweke vidole karibu na moto, maana havina habari, vitaungua usijue. Kama vimeanza tu kufa ganzi, vitie kwapani. Kama vimeganda hasa, usiviyeyushe mpaka umefika mahali ambapo havitaganda tena, kwa maana kuganda mara ya pili huharibu zaidi kuliko mara ya kwanza.

Twende sasa kambini. Wawindaji wengi wa kule hutumia hema kubwa la turubai lenye jiko la bati ndani yake. Jiko huchoma kuni, na moshi hutoka kwa bomba lililopenya hema. Mahali bomba linapopenya huwekwa bamba lisiloshika moto. Hema kama hilo ni raha kubwa: hukausha soksi, hupika chakula, watu huzungumza. Lakini moto katika nafasi iliyofungwa una hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Hewa hiyo haina rangi, haina harufu, wala haikoholeshi mtu. Huumiza kichwa, huleta kichefuchefu na usingizi, kisha huua. Kwa hiyo hema huachwa na upenyo wa hewa hata baridi ikiwa kali namna gani, na mkaa hauwashwi ndani kamwe. Hapa sina haja ya kwenda mpaka Marekani kutafuta mfano. Huku kwetu, katika nyanda za juu, wako watu waliolala na jiko la mkaa chumbani, mlango na madirisha yamefungwa, wasiamke. Mwalimu wa darasa, simamisha kusoma hapa kidogo, waulize wanafunzi kama jambo hili wanalijua.

Kulala nako kuna elimu yake. Baridi ya chini ni mbaya kuliko ya juu. Ukilala juu ya ardhi tupu, hata ukijifunika blanketi tano, ardhi itakunyonya joto usiku kucha. Basi tandika mkeka mnene wa sponji kwanza, ndipo uweke mfuko wa kulalia. Usilale na nguo uliyotoka nayo jasho. Usiingize uso ndani ya mfuko ukapumulia humo, maana pumzi ni mvuke, na mvuke ni maji. Ule chakula cha mafuta kabla ya kulala, kwa kuwa chakula ndicho kuni za mwili.

Na maji je? Mtu amezungukwa na theluji, naye huweza kukaukiwa. Kula theluji kavu humpoza tumbo na kumpotezea joto. Lazima aiyeyushe. Weka maji kidogo chini ya sufuria kwanza, ndipo uongeze theluji kidogo kidogo, la sivyo sufuria itaungua. Utashangaa: theluji iliyojaa sufuria hutoa maji kidogo sana. Tena katika urefu wa mita 3,000 maji huchemka kwa digrii 90 hivi, si 100 kama pale Dar es Salaam, kwa hiyo maharagwe yatakuweka muda mrefu. Usiku chupa ya maji huwekwa kichwa chini, kwa sababu maji huanza kuganda upande wa juu; asubuhi mdomo wa chupa utakuwa wazi.

Sasa umempata wapiti wako. Ameanguka, theluji imejaa pande zote, na mtu asiyejua atasema, "Nyama hii iko katika barafu, itakaa." Hapo ndipo wengi hupoteza nyama yote. Wapiti ana manyoya ya tabaka mbili, marefu nje na mazito ndani. Manyoya hayo yaliyomwokoa na baridi maisha yake yote, akifa hulifungia joto ndani. Ngozi ya nje inaweza kuwa na barafu, na huku paja, karibu na mfupa, bado ni la moto. Nyama huchacha kuanzia mfupani, na wewe usijue mpaka uikate nyumbani na harufu ikupige.

Kwa hiyo huna nafasi ya kukaa na kujisifu. Mpasue tumbo mara moja, toa matumbo usiyatoboe. Mchune ngozi. Kata mapaja mawili na mikono miwili, toa sarara za mgongoni, utie kila kipande ndani ya mfuko wa kitambaa chepesi kinachopitisha hewa, ukitundike kivulini upepo upite pande zote. Mfuko wa plastiki haufai, huzuia hewa na unyevu. Na usitundike karibu na hema. Katika Wyoming na Montana kuna dubu wakubwa, na harufu ya damu huwafikia kutoka mbali. Rundo la matumbo liache, ondoka hapo. Kesho ukirudi kuchukua nyama, piga kelele tangu mbali na utazame kwa makini kabla ya kukaribia.

Kazi hii hufanywa kwa mikono mitupu au yenye glavu nyembamba, na damu ya moto hulowesha mikono ya shati. Kisha damu hupoa. Angalia jinsi kazi zile mbili zinavyokutana: saa ile unayompoza mnyama, wewe mwenyewe unapoa. Mwenzako na awashe moto karibu, mpokezane kisu, na kila mmoja awe na glavu kavu za kuvaa akimaliza.

Bado kubeba. Dume mmoja hutoa nyama zaidi ya kilo 80 hata mifupa ikiondolewa. Wenye farasi au nyumbu huwapakia. Asiye nao hubeba mgongoni, safari nne au tano, kwenda na kurudi katika theluji ya magoti. Kila safari itakutoa jasho tena. Basi vua koti kabla ya kuinua mzigo, na ulifunge juu ya nyama, mahali mkono wako utakapolifikia ukisimama.